Kipimo cha Kisichoonekana

Zamani, kabla kilo haijaenea madukani, watu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na visaga viwili vilifanya pishi. Nguo ilipimwa kwa shubiri na dhiraa. Vipimo hivyo vilikuwa na sifa moja kubwa: mnunuzi aliviona. Aliposhuku kuwa amepunjwa, aliweza kumwaga mchele wake na kuupima tena mbele ya mashahidi. Lakini kuna vitu duniani ambavyo jicho halivioni, pua haivinusi wala mkono hauvigusi, navyo huingia mwilini mwa binadamu vikatengeneza au vikaharibu. Katika vitu hivyo hatuna shahidi ila mpimaji mwenyewe. Nataka kusema habari za wapimaji wa namna hiyo, kwa sababu nina deni kwao.

Miaka kadhaa iliyopita mama yangu alipatwa na saratani. Waganga waliamuru atibiwe kwa mionzi, siku 25, gray 2 kila siku. Mama aliniuliza mionzi ni kitu gani. Nilimjibu kuwa ni mwanga mkali usioonekana. Akaniuliza kama unaunguza. Nikanyamaza.

“Wewe si daktari?” akasema.

Nikamkumbusha kuwa udaktari wangu ni wa lugha.

“Basi niambie kwa lugha.”

Sikuweza. Nilikuwa nimetumia nusu ya umri wangu katika maneno, na siku mama yangu alipohitaji maneno machache ya kumwondolea hofu, sikuwa nayo.

Aliyekuwa nayo ni mtu mmoja mpole, mwenye beji ndogo kifuani, ambaye hakuwa mganga wala muuguzi. Alikuwa mwanachuoni wa fizikia ya afya, na kazi yake hospitalini ilikuwa kupima mionzi. Alivuta kiti akakaa mbele ya mama. “Mama,” alisema, “dawa hii yote ni kama pishi nyingi. Tukikupa zote kwa siku moja zitakudhuru. Tutakupa kibaba kimoja kila siku, ili mwili wako mzima upate usiku wa kujitengeneza. Ugonjwa hauwezi kujitengeneza vizuri kama mwili mzima.” Mama akacheka, akasema, “Kumbe ni haba na haba, mwanangu.” Tangu siku ile hakuuliza tena habari ya kuungua.

Baadaye nilifahamu jinsi hesabu ile ilivyo nyembamba. Gray 50 zilizogawanywa kwa majuma matano na kuelekezwa mahali pamoja zinaweza kuponya. Gray 5 zikiupata mwili wote kwa mara moja, bila matibabu, zinaweza kuua nusu ya watu watakaozipata. Mionzi ni ileile. Linalotenga tiba na mauti ni kiasi, mahali na muda. Hayo matatu ndiyo riziki ya mpimaji.

Katika juma la tatu nilimkosea mtu yule. Tulifika asubuhi, tukakuta mashine imesimamishwa. Ilikuwa mashine ya kobalti, ambayo nguvu yake hupungua yenyewe kwa kadiri ya asilimia 1 kila mwezi, hata mpimaji analazimika kuongeza muda wa tiba kidogo kidogo. Asubuhi ile kipimo hakikulingana na hesabu. Wagonjwa walijaa barazani. Wengine walikuwa wamesafiri usiku kucha. Niliingia ofisini mwake, nikasema kwa sauti isiyonipasa kuwa watu wanaumwa na yeye anacheza na tarakimu. Hakunijibu kwa ukali. Aliomba radhi kwa usumbufu, akarudi kupima. Ilipokaribia adhuhuri aligundua kuwa mashine ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni chombo cha kupimia kani ya hewa. Hewa iliyomo ndani ya kipimamionzi huongezeka au hupungua kwa joto na kwa kani hiyo, na asiyeisahihisha hupata jibu la uongo.

“Basi tumengoja bure,” nilimwambia.

“Hatukungoja bure,” alijibu. “Asubuhi tulikuwa hatujui. Sasa tunajua.”

Maneno hayo yalinitia haya, na haya ilinipeleka maktaba. Nilitaka kujua watu wa namna hii walitoka wapi. Nilikuta kuwa elimu yao ilianzia katika vidonda. Wilhelm Röntgen alivumbua eksirei mwaka 1895. Henri Becquerel akagundua mionzi ya urani mwaka 1896. Dunia ilifurahi kabla ya kuogopa. Waganga walijaribu mashine kwa mikono yao wenyewe, na miaka mingi kipimo chao kilikuwa wekundu wa ngozi: ngozi ikiwiva, wakajua kuwa imetosha. Wengi walikatwa vidole, kisha mikono, kisha wakafa. Mjini Hamburg, Ujerumani, lilisimamishwa jiwe la ukumbusho mwaka 1936 likiwa na majina 169 ya watu waliouawa na kazi hiyo.

Katika mwaka uleule wa 1896 alizaliwa Stockholm, nchini Uswidi, Rolf Sievert. Baba yake alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha nyaya, akafa mwaka 1913 na kumwachia kijana wake mali. Kijana angeweza kuishi kwa starehe. Badala yake alisoma fizikia, akaenda kwa Gösta Forssell katika hospitali ya saratani iitwayo Radiumhemmet, akajitolea kuwapimia mionzi yao. Mwanzo hakulipwa mshahara. Aliunda vyumba vidogo vya hewa, vidogo hata viliweza kuwekwa ndani ya mwili wa mgonjwa, ili ijulikane mionzi imefika wapi na kwa kiasi gani. Alianzisha desturi ya kupeleka wapimaji katika hospitali za nchi yake, maana aliona kuwa mashine mbili zenye sura moja hazitoi mionzi sawa. Mwaka 1928 wataalamu wa mataifa walikutana mjini kwao, wakaunda kamati ya kinga ya mionzi, naye akawa miongoni mwa wajumbe wake. Alipata udaktari wake Uppsala mwaka 1932; akawa profesa mwaka 1941, mwaka ambao Uswidi ilitunga sheria ya kinga ya mionzi. Wakati mataifa makubwa yalipolipua mabomu ya majaribio angani, na vumbi lake kuwaangukia wasiohusika, aliongoza tume ya kimataifa ya kinga hiyo toka 1956 hata 1962. Alifariki mwaka 1966.

Mwaka 1979 mataifa yaliliweka jina lake katika kipimo. Gray hutaja nguvu iliyopokewa na mwili. Sieverti hutaja madhara yanayoweza kutokana nayo, kwa kuwa mionzi haidhuru kwa usawa: mionzi ya alfa huhesabiwa mara 20 ya mionzi ya gama. Kwa wastani, binadamu hupata kutoka ardhini, hewani, angani na katika chakula chake kadiri ya milisieverti 2.4 kwa mwaka. Mfanyakazi wa mionzi ameshauriwa asizidishe wastani wa milisieverti 20 kwa mwaka. Beji niliyoiona kifuani mwa mtu yule ilikuwa kibaba chake mwenyewe, kinachojazwa haba na haba katika miaka yote ya kazi yake. Hapa Tanzania ulinzi huo uliwekewa sheria mwaka 1983, na sheria ya mwaka 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomiki.

Mwanachuoni wa fani hii husoma miaka mingi kama msomi mwingine yeyote, lakini matunda yake hayaonekani. Mshairi huonyesha shairi, na mganga huonyesha aliyepona. Mpimaji wa mionzi huonyesha nini? Mkono usiokatwa, mtoto asiyezaliwa na kilema, ngozi isiyowiva. Hakuna ajaye kushukuru kwa jambo ambalo halikutokea. Wagonjwa wengi wa baraza ile, naamini, hawakujua jina lake, nami nilipojua kazi yake nilikuwa nimekwisha mtukana.

Mama alimaliza siku zake 25. Aliishi miaka mitano baada ya hapo, akalea wajukuu, akafa kwa maradhi mengine. Kabla ya hapo nilirudi hospitalini kumwomba radhi mtu yule. Nilimkuta chumbani kwa mashine, ameweka kipimio chake juu ya meza ya wagonjwa, anaandika tarakimu katika daftari. Alinipa mkono, akasema ameshasahau, kisha akaniomba nimsubiri kidogo, kwa sababu alikuwa bado hajamaliza kupima. Safari hii nilikaa nikasubiri.