Samaki wa Frayeri na Minervali Yangu

Sisi watu wa Butembo na Beni hatuna bahari, wala majira ya baridi kama ya Ulaya. Maji yetu makubwa ni Ziwa Edouard, na kalenda ya mvuvi wetu ni mvua na kiangazi. Lakini jambo moja linatuunganisha na wavuvi wa pwani zote duniani: samaki wakisogea karibu na ukingo, kwenye maji ya magoti, ndipo mtu anawapata kwa urahisi, na ndipo anaweza kuwamaliza.

Uvuvi huo ni wa zamani sana. Kule Katanda, kando ya mto Semliki, si mbali na Ishango, wataalamu walichimbua vyusa vya mfupa vyenye meno, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Mwaka 1995 walitangaza kwamba vina umri wa karibu miaka 90,000. Walifikiri kwamba watu wale walingoja majira ambapo kambale wanakuja kuzaa kwenye maji mafupi. Basi kumbe tangu zamani mwanadamu alijua saa ya samaki.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi kule Kyavinyonge. Wakati wa likizo kubwa nilishuka kwake kupitia Kyondo, nikikutana njiani na wamama wanaopanda mlima, vikapu vya samaki ya chumvi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Jioni tulipanda mtumbwi, tukatega nyavu mbali, na alfajiri tukazitoa. Kila tulipopita mbele ya ghuba moja yenye matete, mjomba alipunguza kasia na kuniambia kwa sauti ndogo: « Apa njo fasi samaki zinazalaka. Ukiziloba apa, kesho utakula nini? » Kisha tukapita.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo wavuvi wanaita frayeri, na sheria inakataza kuvua pale. Tilapia dume anachimba kiota kwenye mchanga, jike anataga, halafu anabeba mayai mdomoni mwake mpaka watoto watoke. Hata wakiisha kutoka, wakiona hatari wanarudi mdomoni mwa mama.

Halafu ikaja vita ya 1998. Ziwa lilijaa mitumbwi isiyohesabiwa, na nyavu za matundu makubwa zikawa zinarudi tupu. Mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kupata diploma ya serikali, na baba hakuwa na franga ya minervali. Usiku mmoja mjomba aliniamsha: « Mupwa wangu, simama, tuende. » Tulienda kwenye ghuba ile ile. Tulikuwa watu sita, tukavuta wavu mrefu kutoka ukingoni. Kamba niliivuta kwa mikono yangu mwenyewe.

Wavu ulipofika mchangani, tilapia walianza kutema watoto. Vilikuwa vidogo kama punje za mtama, vikirukaruka kwenye mwanga wa tochi. Mjomba hakusema neno. Siku tatu baadaye alinihesabia pesa ya shule, na diploma nikaipata.

Ziwa halikuharibika kwa sababu ya usiku wetu ule tu. Viboko, ambao mavi yao yanalisha maji, walikuwa karibu 30,000 upande wetu katika miaka ya 1970. Mwaka 2005 walihesabiwa chini ya 1,000. Wenye silaha waliwaua kwa nyama na meno. Lakini tukitaja viboko tu, tunajificha nyuma yao. Na sisi tulivuta kamba.

Juzi sokoni Butembo niliona vitilapia vidogo kama kidole, vimepangwa kwa mafungu. Nilimwambia mama mchuuzi: « Mama, hizi ni za frayeri. » Akanitazama: « Papa, kama haununue, batoto yangu batasoma na nini? » Nilikosa jibu, kwa sababu mimi mwenyewe nilisoma na samaki hao hao. Sikununua, lakini sikuondoka kwa kiburi.

Ndiyo maana ninaandika. Kukataza ghuba bila kufikiria minervali ni kumwachia mvuvi njia ya usiku tu. Shule zinafunguliwa kila mwaka. Tunalijua jambo hilo mapema. Vikundi vyetu vya kuchangiana, vinavyosaidia kwenye matanga na ndoa, vingeweza kumkopesha mvuvi pesa ya shule, naye arudishe kidogo kidogo samaki wakiwa wakubwa.

Wazee walisema: akiba haiozi. Samaki akitolewa majini anaoza siku hiyo hiyo. Yule tuliyemwacha kwenye matete ndiye asiyeoza. Mjomba alilijua hilo kabla yangu, na usiku ule alilivunja kwa ajili yangu. Deni hilo ni langu.