Matope ya Mikokoni

Nilipoandikishwa kusoma jiolojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, jamaa zangu wa Lamu walidhani ya kwamba nitarudi na habari za dhahabu au mafuta, kwani kwao mtu asomaye mambo ya ardhi hana budi awe anatafuta kitu cha kuchimbwa kikauzwa. Na mimi nami nilikuwa na tamaa iyo hiyo. Kilichonigeuza ni mchoro mmoja, ule wa Charles Keeling, aliyeanza mwaka 1958 kupima hewa ya ukaa juu ya mlima Mauna Loa kule Hawaii, akakuta sehemu 315 hivi katika kila sehemu milioni za hewa, na tangu hapo mstari wake ukapanda mwaka hata mwaka, hata hivi leo hesabu imepita 420. Lakini si huko kupanda kulikonishika, bali lile swali ambalo mhadhiri wetu alilitaja kwa kupitia tu: ya kwamba katika hewa ya ukaa ambayo binadamu huitoa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, ibakiayo angani haifiki nusu, na iliyosalia humezwa na bahari na nchi kavu. Imemezwa wapi hasa, nayo itakaa huko muda gani? Swali hilo ndilo lililonilisha na kunivisha umri wangu wote.

Masomo ya juu niliyafanyia Brussels, na ya baridi yake sina haja ya kuyaeleza. Huko nilifundishwa kuzitenga kaboni tatu: ile ya 12, ambayo ndiyo aghalabu, ile ya 13, iliyo nzito kidogo, na ile ya 14, ambayo hupungua yenyewe kwa mwendo maalumu, nusu yake ikitoweka kila ipitapo miaka 5,730, na kwa hiyo humwambia mtafiti umri wa kitu kilichokuwa hai zamani. Majani ya mkoko na nyasi za baharini ziotazo mbele yake hayachukui kaboni ya 13 kwa kiasi kimoja, hata tope likipitishwa katika mashine ya kupimia hulazimika kukiri limezaliwa na nani. Maarifa hayo niliyoyapata ugenini yalikuwa na manufaa makubwa kwetu pwani kuliko pale nilipoyapatia, maadam Ubelgiji haina mkoko hata mmoja.

Sisi tuliokulia Lamu tuliujua mkoko kwa boriti. Wazee waliweza kuutazama mti uliosimama wakasema huu ni fito, ule ni pau, huu umekuwa mazio, ule umefikia boriti, na ule wa nyuma ni nguzo. Miti ikakatwa, ikahesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, ikapakiwa katika majahazi yaliyongoja kusi kuipeleka Arabuni kuezekea nyumba, mpaka Kenya ilipopiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Na wataalamu wa misitu, licha ya vyeti vyao, walihesabu vivyo hivyo: unene wa shina, urefu wa shina, basi. Lililokuwa chini ya mizizi halikuwa na daftari.

Kazi yangu ikawa kulifungulia daftari. Tulikwenda wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa sana, tukachukua chombo cha chuma mfano wa bomba lililopasuliwa kwa urefu wake, tukakisukuma topeni mpaka mikono ikaishiwa nguvu, tukakizungusha, tukakivuta kwa pamoja. Kikitoka huonyesha udongo wa kahawia juu, kisha mweusi wa kijivu uliofumwa kwa nyuzi za mizizi, na harufu ya yai viza. Harufu hiyo ndiyo hoja yenyewe: maji yamelijaza tope hata hewa safi haina pa kupita, vijidudu vyake vinaishi kwa chumvi za salfa badala ya oksijeni, na uozaji unakwenda polepole mno, hata mzizi uliokufa kabla ya babu zetu kuzaliwa bado waonekana ni mzizi, na kaboni yake bado imo mle mle. Huko Ghuba ya Gazi, pwani hiyo hiyo yetu ya Kenya, mzee mmoja mvuvi alisimama akatutazama sana kisha akaniuliza, “Mwanangu, serikali imekutuma uje ununue tope?” Nikamwambia, “La, mzee, nimekuja kulipima tu.” Akasema, “Haya, ukiona limezidi utupunguzie,” akaenda zake na nyavu zake.

Taabu zilikuwepo, na kubwa yake haikuwa ya tope. Shehena ya sampuli zangu iliwahi kukwama forodhani, mahali nisipopenda kupataja, kwa sababu afisa hakuamini ya kwamba mtu mwenye akili timamu husafirisha matope. Zilipotolewa, joto lilikuwa limekwisha kuziharibu, vijidudu vimeila ile kaboni niliyotaka kuipima.

Mwaka 2011 Daniel Donato na wenzake walitoa utafiti wao wa mikoko ya nchi za Bahari ya Hindi na Pasifiki, wakaonyesha wastani wa tani 1,000 hivi za kaboni kwa kila hekta, sehemu kubwa ikiwa udongoni, na kwa ghafula watu waliokuwa wakinicheka wakaanza kuniandikia barua. Gazi kukaanzishwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambayo tangu mwaka 2013 huuza hati za kaboni ya hekta 117 za msitu, fedha zikafanya kazi za maji na shule. Naisifu kazi hiyo bila kigugumizi. Ila mikoko ya dunia nzima haifiki hekta milioni 16, na atakayesema itamlipia kafara mwenye viwanda ili aendelee kufuka moshi, huyo hajui hesabu. Tena amana hii si ya milele: mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo wa bara hata ukaifukia mizizi ya mikoko ya hori la Mwache, Mombasa, miti ikafa imesimama; na mti ukifa, tope likipigwa na hewa, kilichowekwa kwa karne nyingi huanza kurudi angani.

Wanafunzi wangu wa leo huupima msitu kwa setilaiti, na kwa yaliyo juu ya maji hufanya vizuri kuliko tulivyofanya sisi. Ya chini ya mizizi setilaiti haiyaoni. Binti atakayeshika kazi hii baada yangu ametaka nimwonyeshe mahali tulipochimba zamani huko Gazi, apate kuchimba tena na kulinganisha. Tumeafikiana twende bamvua ijayo, naye ameahidi kubeba chuma yeye.