Plagini inapokaribishwa bila vyombo

Leo naomba ruhusa niache kidogo habari za usalama. Nataka kuongea juu ya kazi ninayofanya usiku hapa Butembo: kuandika programu za kompyuta. Inawagusa hata wahami, mtaona.

Programu inaandikwa kwanza kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma. Kisha programu nyingine, kompaila, inayageuza yawe maagizo ya mashine. Kuna kompaila ya bure iitwayo GCC, ambayo Richard Stallman aliitoa mwaka 1987, na kila mtu ana haki ya kuibadilisha. Tangu toleo la 4.5, la mwaka 2010, inapokea plagini, yaani nyongeza ndogo unayoichomeka bila kujenga upya kompaila nzima.

Kwetu hilo si jambo dogo. Kujenga kompaila nzima kwenye kompyuta yangu kunachukua saa nyingi, na betri ya sola haifiki huko. Plagini inajengwa kwa dakika chache.

Nilihitaji plagini kwa sababu ya orodha. Nilikuwa naandika programu ya kutunza majina ya familia zilizokimbia vita, ili ndugu waliopotezana watafutane. Jina la mhami na mahali anapolala si habari ya kutangazwa ovyo. Likianguka mikononi mwa mtu mbaya linaweza kumletea kifo. Nilitaka kompaila yenyewe inionye kila mahali ambapo jina linatoka bila ruhusa ya mwenyewe. Kazi ya namna hiyo inawezekana: Linux inakubali plagini za GCC tangu 2016, na baadhi yake zinafuta masalio ya kumbukumbu ili siri zisivuje.

Plagini yangu ilijengwa vizuri. Nilipoichomeka, ikakataliwa: fanksheni moja, kipande kidogo cha programu, haikupatikana. Ajabu ni kwamba fanksheni hiyo imo katika libiberty, maktaba saidizi ambayo GCC inatumia kila siku. Hata jina lake ni mchezo wa maneno: ukiiomba kwa amri ya kuunganisha, inasomeka «-liberty», uhuru kwa Kiingereza.

Sababu ni hii. Kompaila inapounganishwa, programu ya kuunganisha inafungua maktaba na kuchukua tu mafaili ambayo kompaila yenyewe inayahitaji. Mengine yanabaki nje. Ni kama mwenyeji anayekupokea na kusema jikoni ni kwako, kumbe mle kuna sufuria za chakula chake tu. Kinu cha kutwangia sombe kiko stoo, imefungwa, kwa kuwa yeye hatwangi. Hakukunyima kwa roho mbaya. Hakufikiri tu kwamba mgeni atapika kitu kingine.

Mtu atasema: plagini ije na nakala yake. Lakini maktaba hiyo lazima iwe imejengwa kwa namna inayoweza kukaa popote katika kumbukumbu. La sivyo kuunganisha kunashindikana. Na kama fanksheni inaweka hesabu zake ndani, nakala mbili zinaweza kuwa na hesabu mbili. Wahami wanajua taabu ya orodha mbili: chifu ana yake, kamati ina yake, na siku ya kugawa unga jina lako liko kwenye ile isiyosomwa.

Dawa iko kwa anayejenga kompaila. Aiambie programu ya kuunganisha iingize maktaba nzima, na majina ya fanksheni zake yaonekane kwa plagini. Faili litaongezeka ukubwa kidogo tu, mara moja. Asipofanya hivyo, kila mwandishi wa plagini analipa peke yake. Mimi nililipa usiku mbili za betri, nikiandika upya fanksheni iliyokwisha kuandikwa vizuri na wengine. Sasa plagini inafanya kazi, na kila badiliko la programu linapita kwake kwanza.

Vijana mnaosoma informatike, mkijenga chombo ambacho wengine watakiongezea, msihesabu tu mnachotumia ninyi. Ulizeni mgeni atahitaji nini, hasa yule ambaye hana umeme wa kuanza upya.