Gofu Ugenini: Fomu Yenye Nafasi Mbili

Kwa miaka mingi tulikuwa tukipumzika jioni kandokando ya Barabara ya Mama Ngina, Mombasa, tukila mihogo ya kukaanga na kunywa madafu, na hatua chache kutoka hapo wakipita watu wenye mikoba ya fimbo ndefu. Klabu ya Gofu ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1911, lakini hatukuwahi hata siku moja kuuliza lango lake liko wapi. Tulidhani huo ni mchezo wa watu wengine. Ilitubidi tuhamie Meru, mbali na bahari, ndipo tukabisha hodi.

Tulihamia huko kwa ajili ya kazi ya baba watoto. Mchana nyumbani tulibaki wawili: mama, na binti yake aliyemaliza kidato cha nne akisubiri kujiunga na chuo. Kwetu jirani huita hodi akiwa tayari yumo ukumbini. Meru tulikuta baridi, mvua na malango yaliyofungwa, nasi hatukumjua mtu. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Nasi kila tulipopita na mabuibui yetu tulijiona weupe kweli kweli. Mwezi wa tatu ulipoingia, mdogo kati yetu alikuwa hatoki tena chumbani ila kwa chakula na swala. Hapo mkubwa akaingiwa na hofu ambayo mama yeyote anayesoma haya ataielewa.

Mji wa Meru una klabu ya michezo, Meru Sports Club, yenye uwanja wa gofu wa mashimo 9. Tulikwenda asubuhi moja kwa sababu tu binti alikubali kutembea juu ya majani. Tukaulizia uanachama, tukapewa fomu. Kama ilivyo desturi ya vilabu vingi nchini Kenya, ilikuwa na nafasi mbili za kujazwa na wanachama: mmoja wa kukupendekeza, wa pili wa kumuunga mkono. Tukatazamana. Ili tuwajue watu tulihitaji kuingia, na ili tuingie tulihitaji kuwajua watu. Mlango umefungwa na ufunguo umo ndani!

Isitoshe, gofu huchezwa kwa vikundi, aghalabu vya watu watatu au wanne, na ni nani angekubali kuzunguka saa mbili na watu wasiojua hata kuishika fimbo? Sisi kwa sisi hatukufaana. Kipofu hamwongozi kipofu. Tulikuwa pia na maswali yetu ya nyumbani, tukayauliza waziwazi. Je, mavazi? Suruali pana, shati refu na mtandio havikuwa na tatizo. Je, baa? Chai ilipatikana barazani. Je, kuchezea fedha? Tulisema mapema kwamba hatuweki dau, na jambo hilo likaishia hapo.

Mzee mmoja aliyekuwa ofisini alitupa shauri ambalo twapenda kuliwasilisha kwa kila anayeanza peke yake. Alisema: msiikimbilie fomu. Njooni asubuhi za katikati ya juma, wakati uwanja hauna watu wengi. Lipeni ada ya siku, mtafuteni kedi, mjifunze. Mtu akionekana kila juma, hujulikana bila kujitambulisha.

Basi mwenzetu wa kwanza akawa kedi, kijana aliyebeba mikoba ya wachezaji kwa miaka na kuujua kila mteremko wa uwanja ule. Kanuni humruhusu mchezaji kuwa na fimbo 14. Sisi tulianza na tatu za kuazima. Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108 tu, hata kisahani cha chai hakiingii. Siku ya kwanza mpira ulibaki pale pale, fimbo ikarusha udongo. "Mama, usiupige kwa hasira," alituambia kwa upole. "Iache fimbo ifanye kazi." Binti alicheka. Tulikuwa hatujamsikia akicheka tangu tuondoke Mombasa.

Juma la nne, mama mmoja wa makamo, mwalimu mstaafu, alitujia akiburuta mkoba wake. "Naweza kuungana nanyi?" aliuliza. "Mwenzangu amehamia Nairobi. Sasa nacheza peke yangu." Tulishangaa. Muda wote tuliwaza kwamba upweke uko upande wetu wa lango. Kumbe na ndani ulikuwako.

Tulimweleza kwamba tutamchelewesha. Akajibu kwamba mchezo wenyewe umeshalifikiria hilo. Kila mchezaji hupewa handikapu, yaani idadi ya mapigo ya kupunguziwa kulingana na uwezo wake, na tangu mfumo mmoja wa dunia uanze mwaka 2020 anayeanza aweza kupewa hadi 54. Hivyo fundi na mwanafunzi hushindana kwa haki. Alipojua tumetoka pwani alifurahi zaidi. Simulizi za Wameru husema kwamba wazee wao walitoka Mbwaa, kisiwa cha baharini, wakavuka maji usiku kuelekea bara. "Basi ninyi mmetufuata tu," alisema.

Siku moja alitualika tufuatane naye hadi Embu kumtembelea dada yake. Barabara hupita ubavuni mwa Mlima Kenya, Nkubu, Chogoria, Chuka, Runyenjes, ikipanda na kushuka mabonde ya mito, na chai na migomba pande zote. Embu tulikunywa chai katika hoteli ya zamani iitwayo Izaak Walton Inn. Mwalimu akatueleza kuwa Walton alikuwa Mwingereza aliyetoa kitabu cha uvuvi wa ndoana mwaka 1653. Kitabu hicho ni mazungumzo: mvuvi anakutana njiani na watu asiowajua, na mmoja wao anageuka mwanafunzi wake. "Mnaona?" alisema. "Hata yeye hakuanza na rafiki. Alianza na njia."

Tuliporudi alitia sahihi katika nafasi ya kwanza ya fomu zetu. Ya pili ilichukua mwezi mzima zaidi, na aliyeipata ni binti, kwa mama kijana aliyezoea kucheza naye siku za Jumatano. Wakati wa swala unapotukuta uwanjani, twatandika msala chini ya mti, na mwalimu hukaa kando akiilinda mikoba hadi tutoe salamu.

Binti sasa yuko chuoni. Mkubwa angali anakwenda kila Jumatano, na kabla ya kuanza hutazama kwanza kama kuna mtu amesimama peke yake na fimbo za kuazima.

Likizo ijayo, inshallah, tutateremka Mombasa na kula mihogo yetu Mama Ngina kama zamani. Kisha tutanawa mikono, tuinuke, tukaulize lango liko wapi.