Njuga na Majina

Habari za msiba wake nilizipata siku ya 21. Mama yake alikuwa ameshazikwa, matanga yameshaanuliwa na turubai limesharudishwa kwa mwenyewe. Aliyeniambia ni muuza chipsi wa jirani na kanisa, tena kwa mshangao: "Kwani wewe siye kiongozi wao?"

Ndimi. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa na vijana zaidi ya 200, na kila asubuhi nililiwekea neno la siku pamoja na picha ya jua likichomoza. Nilipofungua simu kumtafuta, nikaona alikuwa amejitoa siku tisa zilizopita. Chini ya taarifa hiyo palikuwa na ujumbe wangu mwenyewe wa kukumbusha michango ya fulana za kongamano.

Jioni ile nilitakiwa kuandaa somo la Jumapili: ukuhani wa Agano la Kale na uongozi wa leo. Vichwa vyangu vitatu vilikuwa tayari, vyote vinaanza na herufi U: Utakatifu, Utii, Utumishi. Nikafungua Kutoka sura ya 28 nikidhani naijua.

Sura hiyo inaeleza mavazi ya Haruni kipande kwa kipande. Siku zote niliipenda kwa fahari yake: dhahabu, nyuzi za buluu na zambarau, njuga zikipishana na makomamanga kwenye upindo wa joho. Safari hii nilikwama mahali nilipozoea kuparuka. Mabegani kuna mawe mawili ya shohamu, kila moja limechorwa majina sita ya wana wa Israeli. Kifuani kuna vito 12, safu nne za vitatu vitatu, kila kito na jina lake. Majina yale yale, mara mbili. Begani yanabebwa kama mzigo. Kifuani yanakaa juu ya moyo. Kuhani mkuu alipoingia patakatifu, hakuingia peke yake.

Na yale ya mabegani yamepangwa kwa kufuata kuzaliwa kwao, si kwa ukubwa wa kabila wala uzito wa sadaka. Reubeni, aliyepoteza haki yake ya mzaliwa wa kwanza, bado anatangulia.

Njuga nazo zina kazi: zisikike anapoingia na kutoka. Mimi nilikuwa nimevaa njuga tu.

Nikamkumbuka baba. Alikuwa mzee wa kanisa, na mahubiri yake, tuseme ukweli, yalichosha. Lakini mfukoni hakukosa kijidaftari: nani anaumwa, nani kakwama ada ya mtoto, nani hajaonekana tangu mavuno. Nilikuwa nikimcheka kwamba anafanya sensa.

Nikasoma pia Mambo ya Walawi 16. Siku ya upatanisho Haruni anavaa kitani peke yake, na kabla ya mbuzi wa watu anatoa ng'ombe dume kwa ajili ya dhambi yake mwenyewe. Anaanza yeye. Kwetu Wakristo Kuhani Mkuu ni Yesu, na kiongozi wa vijana hamsimamii mtu mbele za Mungu mahali pake. Lakini mpangilio ule ulinihusu: kabla ya kuwafundisha wengine, nilikuwa na la kutubu.

Kesho yake nilikwenda kwao na kilo mbili za sukari. Nilimkuta uani anafua. "Karibu, dada," akasema bila kuinuka. Maneno ya faraja niliyoyaandaa hayakutoka.

"Sikujua," nikasema. "Na ilikuwa kazi yangu kujua. Naomba unisamehe."

Alilikamua shati muda mrefu. "Nilisubiri simu. Hata moja tu. Baada ya mazishi nikaacha kusubiri."

Hakusema amenisamehe. Aliniletea kigoda, nikakaa, akaanza kunisimulia habari za mama yake.

Jumapili vichwa vyangu vitatu vilibaki nyumbani. Nilisoma majina ya wote waliojitoa kwenye kundi, nikauliza nani anajua habari zao. Ukimya ule ndio uliokuwa somo. Kisha tukagawana majina, kila mtu matano.

Yeye hajarudi kanisani. Jina lake sitaliandika hapa, si langu kulitangaza. Limo kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza, na kila Jumanne nampigia. Wakati mwingine hapokei.