Kondoo Wangu Huko Essen

Katika mji wa Essen, nchi ya Ujerumani, hufanyika kila mwaka mwezi wa Oktoba maonyesho makubwa ya michezo ya mezani. Yalianza mwaka 1983. Siku hizi huchukua siku nne, tangu Alhamisi hata Dominika, na mwaka 2019 waliingia watu zaidi ya 200,000. Uwanja wenyewe huitwa Messe, neno lile lile la Kijerumani la Misa, nami nilitabasamu nilipolisoma langoni.

Nilifika Jumamosi, peke yangu, na Kijerumani changu ni kidogo. Kwetu, penye bao, mgeni husimama kwanza nyuma ya wachezaji. Huko nilisimama hivyo karibu saa nzima, moyo ukanilemea, kwani hakuna aliyegeuka. Mwishowe mama mmoja alinionyesha kiti.

Walikuwa wakicheza Catan, mchezo alioutunga Klaus Teuber, uliotoka mwaka 1995. Wachezaji hujenga vijiji kisiwani kwa mbao, matofali, nafaka, kondoo na mawe ya madini. Dadu mbili ndizo zigawazo mavuno, naye aliyepungukiwa hubadilishana na wenzake. Basi dadu zikanipa kondoo, tena kondoo, nao wengine hawakuwa na hata mmoja. Mara wote watatu wakanigeukia, wakipatana bei nami kwa vidole! Nilidai matofali mawili kwa kondoo mmoja. Bei ya unyang'anyi, nakiri, lakini walilipa.

Nilishindwa. Mama yule alifikisha alama kumi, mimi sita. Kisha alizipanga kadi upya, akanisogezea dadu nianze mimi.