Kabla Hujaja Tuala, Fungua Boneti

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako alinipigia simu akaniambia Vitz imeshatoka bandarini, namba zimefungwa, na kwamba neno lako la kwanza baada ya kushika ufunguo lilikuwa hili: Desemba utaipandisha mwenyewe kutoka Mombasa uje uone ploti ya Tuala. Hongera sana. Gari la kwanza, tena la jasho lako mwenyewe, si jambo dogo, na mjomba wako amefurahi kweli. Sasa kwa kuwa nimetoka kuipita sehemu ya mwisho ya njia utakayoipita wewe, acha nikusimulie ilivyo, na humo humo nikuambie yale ambayo yadi za magari huwa hazina muda wa kumwambia mteja.

Nilitoka Nairobi alfajiri, nikafuata barabara ya Mombasa, Mlolongo, Athi River, kisha nikashika barabara ya Namanga. Wewe utaiingia Namanga kwa mkono wa kushoto, ukiwa umeshaendesha kiasi cha kilomita 450. Hapo ndipo watu hujiona wamefika, wakalegeza mikono. Usilegee. Kutoka Athi River hadi katikati ya Kitengela kuna malori ya saruji, matatu zinazosimama bila taarifa, bodaboda zinazokuja upande wako, na matuta ambayo mengine rangi yake imefutika kabisa. Sheria inasema kilomita 50 kwa saa ndani ya mji, na kwa Kitengela hata hizo 50 ni nyingi. Lori likikuwashia indiketa, usichukulie kwamba limekupa ruhusa ya kulipita. Huenda linakata kona. Tazama mwenyewe, na usipoona mbele vizuri, kaa nyuma yake.

Nilisimama Kitengela kujaza mafuta na kupima upepo. Hili la upepo nataka ulielewe, maana vijana wa petroli stesheni watakuuliza “niweke ngapi?” nawe utababaika. Fungua mlango wa dereva, utazame kwenye nguzo mlango unapofungia. Pana kibandiko chenye presha iliyopendekezwa na waliolitengeneza gari, na hata kama kimeandikwa Kijapani, tarakimu zinasomeka, ila hakikisha kipimo chake ni kile kile cha pampu. Pima tairi zikiwa baridi, si njiani kama nilivyofanya mimi, maana zikishapata joto la safari presha hupanda na kipimo kinakudanganya. Kisha tafuta ubavuni mwa kila tairi herufi DOT na tarakimu nne zinazofunga mstari wake. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 3516, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2016, na hata kama meno yake bado yanapendeza, mpira wake umeshakauka. Usiipeleke barabara ya Mombasa adhuhuri, juu ya lami ya Mtito Andei, gari likiwa limejaa watu na mizigo. Spea nayo ipime. Inakaa miaka chini ya zulia la buti bila kuguswa, na siku utakayoihitaji utakuta imelala.

Kumbuka pia kwamba gari hilo si jipya, ila ni jipya kwako. Kiwango cha Kenya cha KS 1515 kinakataza kuingiza nchini gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo mengi tunayoyapokea kutoka Japani yanaingia yakiwa na miaka sita, saba au minane. Ndiyo maana redio yako haishiki stesheni nyingi: redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa yanayoanzia 76, na nyingi zinakomea 90, hali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Redio haina haraka. Mipira, mikanda na oili ndivyo vyenye haraka. Hata uambiwe lilifanyiwa sevisi huko lilikotoka, wewe anza hesabu upya: badilisha oili ya injini na filta yake, kagua breki pedi, kagua mkanda wa injini kama umepasuka, kisha andika kilomita zilizosomeka siku hiyo kwenye daftari dogo ulitunze ndani ya gari.

Kuhusu oili ya gia, sikiliza sana. Vitz nyingi zina giaboksi ya CVT, ambayo haina meno ya gia kama ya zamani. Ndani mna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na inataka oili yake maalumu. Fundi akikumiminia oili ya kawaida ya gari la otomatiki, gari litatembea vizuri siku chache, kisha litaanza kutetemeka, na kutengeneza giaboksi hiyo ni pesa ambazo hutaki kuzisikia. Mwambie afungue kopo mbele yako, na ulisome kabla hajamimina.

Basi, nikaiacha lami, nikaelekea Tuala. Mpwa wangu, vumbi! Ilikuwa kiangazi, na lori moja la mawe lilinitangulia likainua wingu mpaka sikuona hata taa zake. Mahali kama hapo usikimbilie kulipita. Washa taa kubwa zisizo kali, funga vioo, badilisha hewa izunguke ndani, kisha baki nyuma umbali wa kutosha mpaka uone barabara tena. Lori halikimbii, na ng'ombe anaweza kuchomoza ndani ya wingu hilo bila kukupa nafasi ya breki. Kioo kikishajaa vumbi, usiwashe wipa kikiwa kikavu. Mwaga maji kwanza, la sivyo ule mchanga utakwaruza kioo, na mikwaruzo hiyo ndiyo itakayokupofusha usiku taa za magari mengine zikikupiga.

Pale senta ya Tuala nilizungumza na fundi mmoja mwenye gereji ya mabati. Nilimuuliza anatengeneza nini zaidi. Akainua filta ya hewa aliyokuwa ameichomoa kwenye gari la mteja, akaigonga chini, likamwagika vumbi jekundu la kujaza kiganja. Mwenye gari alikuwa amelalamika kwamba gari linakunywa mafuta na halina nguvu mlimani, na alikuwa tayari kununua plagi mpya. Injini ilikuwa imekosa pumzi tu! Vitabu vya gari vimeandikwa kwa ajili ya barabara safi. Wenyewe waliotengeneza huonya kwamba penye vumbi vipindi vya sevisi vifupishwe, lakini nani husoma ukurasa huo? Wewe ukiwa unakuja huku mara kwa mara, usingoje sevisi. Filta ya hewa inafunguka kwa vibanio viwili, uitazame kila mwezi, na ikiwa imeziba nunua nyingine, si ghali. Kuna pia nyingine ndogo ya hewa ya ndani, nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria. Hiyo ndiyo inayokufanya upige chafya.

Sasa maji. Huku maji mengi yanatoka visima virefu, na mengi ni ya chumvi. Utaona punda wakivuta mikokoteni ya mitungi, na watu wakiulizana kama ni ya kunywa au ya kufulia. Tazama birika la nyumba yoyote Kitengela, lina gamba jeupe ndani. Gamba kama hilo ndilo litakalojijenga ndani ya rejeta yako ukiizoesha maji ya mfereji wa huku. Njia nyembamba za rejeta huziba kidogo kidogo, na siku moja penye foleni ya jua kali injini inachemka. Weka kulanti ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kama ni ile inayochanganywa, changanya na maji yaliyosafishwa, yanayouzwa kwa ajili ya betri.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nililiona. Karibu na senta kijana alikuwa amesimamisha gari lake linafuka, na tayari alishika kitambaa anataka kufungua kifuniko cha rejeta. Mama mmoja muuza matunda alimpigia kelele akaacha. Alimwokoa uso. Maji yaliyo ndani ya rejeta yamebanwa kwa presha, ndiyo maana hayachemki hata yakipita nyuzi 100; ukiondoa kifuniko presha inatoweka kwa mpigo, na maji hayo yanachemka ghafla yakakurukia pamoja na mvuke. Vitz nyingi hazina mshale wa joto kwenye dashibodi. Zina taa tu: ya buluu asubuhi injini ikiwa baridi, kisha inazimika, na nyekundu joto likizidi. Nyekundu ikiwaka, usiseme “nifike pale mbele”. Toka barabarani, zima injini, weka zile pembetatu za kuonya, ukae kando usubiri angalau nusu saa. Kifuniko kiguswe kikiwa baridi kabisa.

Jioni nililala kwa rafiki, na usiku mvua ikanyesha. Asubuhi nilikuta nchi nyingine. Udongo wa nyanda hizi za Kaputiei ni ule mweusi mzito: wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mguu, ukinyeshewa unavimba na kunata mpaka tairi zinakuwa duara laini lisiloshika chochote. Wenyeji wengi waliacha magari penye murram wakatembea kwa gambuti. Nakusihi ufanye vivyo hivyo. Ikikulazimu kupita, fuata nyayo za magari yaliyotangulia, shika gia ndogo, kanyaga mafuta taratibu bila kuachilia, usikate usukani ghafla, usisimame katikati. Ukikwama, acha kuzungusha tairi. Kila mzunguko unalizamisha gari zaidi. Chimbua mbele ya magurudumu, weka mawe na matawi.

Na ukihitaji kuvutwa, jua hili, kwa maana hata madereva wengi wa miaka mingi hawalijui: magari haya ya Kijapani yana pete ya chuma ya kuvutia, inakaa ndani ya buti pamoja na jeki na spana ya magurudumu. Kwenye bampa ya mbele kuna kifuniko kidogo cha plastiki. Unakibandua, unaifunga pete humo kwa kuizungusha mpaka ikaze. Kamba ifungwe hapo. Wakikufungia kamba kwenye bampa au kwenye mikono ya magurudumu, utatoka matopeni lakini gari litakuwa limevunjika. Nenda leo ukaitafute pete hiyo, maana mara nyingi hupotea kabla gari halijamfikia mnunuzi.

Kuhusu maji yanayopita juu ya barabara sitaki mjadala na wewe. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 unayakumbuka, Mto Athi ulipofurika na watu wa Kitengela wakakwama. Gari dogo huanza kuelea kwenye maji ya kiasi cha sentimita 30, na injini ikivuta maji badala ya hewa inavunjika ndani papo hapo. Ukifika mahali huoni sakafu ya barabara, geuza urudi, hata kama matatu imepita.

Barabara ya huku si ya magari peke yake. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, haina ua upande wake wa kusini, na wanyama huvuka mto ulio mpakani mwake wakaja kulisha huku kama walivyofanya tangu zamani. Niliona punda milia kando ya njia wamechanganyika na ng'ombe. Ukikuta mifugo inavuka, simama kabisa, usipige honi, mngoje mchungaji akupe ishara, na mpungie mkono. Ni nchi yake unayopita. Mbuzi wa mwisho akishavuka, hesabu kwamba kuna mwingine anayetaka kumfuata. Giza likiingia usiendeshe huku kabisa. Mikokoteni ya punda haina taa, ng'ombe weusi hawaonekani, na simba wa mbugani hawana mpaka.

Siku ya kutoka Mombasa, amka gari likiwa limelala mahali tambarare na injini ikiwa baridi. Fungua boneti. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena: oili iwe kati ya alama mbili. Tazama kulanti kwenye kopo lake bila kufungua rejeta, oili ya breki, na maji ya wipa. Tazama chini ya gari kama kuna tone. Kanyaga breki kabla ya kuondoka. Ikizama laini, safari imeahirishwa. Bima na leseni viwe ndani, mkanda kwa kila mtu, na wa nyuma pia. Ondoka saa kumi na mbili mapambazuko, pumzika Voi, ule Mtito Andei, ambapo ni kama nusu ya njia, na ukihisi usingizi simama ulale. Usijitie nguvu kwa soda.

Nitumie picha za zile tarakimu za tairi zote tano kabla ya mwisho wa mwezi, ili kama kuna ya kubadilisha tutafute pesa mapema. Msalimie mama yako, umwambie shangazi yako anakutayarishia chumba.

Wako akupendaye,
Mjomba